Chocolat: Mchekeshaji wa Paris aliyepata jina la ukoo baada ya kufa

MWAKA 1900 ilikuwa vigumu kumpata mtu mjini Paris ambaye hakumjua Chocolat. Sura yake ilikuwa kwenye mabango ya barabarani, kwenye matangazo ya sabuni na hata kwenye matangazo ya chokoleti yenyewe.

Matajiri kwa maskini, wakubwa kwa wadogo, walilipa kiingilio ili wamwone akipigwa kofi, akianguka, akiinuka na kujifuta vumbi. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini kama ungewauliza watu hao jina lake halisi ni nani, alizaliwa tarehe gani na wazazi wake ni akina nani, wangekutazama tu. Tena si wao peke yao. Hata ofisi za serikali ambazo kazi yake ni kuandika watu hazikuwa na jibu.

Leo, msomaji mpendwa, nataka nikusimulie maisha ya mtu huyo. Jina alilokuwa nalo tangu utotoni ni moja tu, Rafael. Alizaliwa mtumwa katika kisiwa cha Cuba, akawa mmoja wa wasanii weusi wa kwanza kupata umaarufu mkubwa katika majukwaa ya Ufaransa.

Wengi wanaomkumbuka wanakumbuka makofi. Mimi nimeyasoma maisha yake kwa jicho la mtu aliyesomea ukimbizini, nikaona kwamba kofi halikuwa pigo lake kubwa kuliko yote. Pigo kubwa lilikuwa karatasi.

Mtoto asiye na tarehe

Rafael alizaliwa mjini Havana, Cuba, kati ya mwaka 1865 na 1868. Wakati huo Cuba ilikuwa koloni la Uhispania, na mashamba yake ya miwa yaliendeshwa kwa jasho la watumwa waliotolewa Afrika.

Mtoto wa mtumwa hakuwa na jina la ukoo. Aliitwa kwa jina la ubatizo, basi. Huyu wetu aliitwa Rafael.

Hapa pana jambo la kusikitisha ambalo nataka ulishike. Mwaka 1870 serikali ya Uhispania ilitoa sheria kwamba watoto wote wa watumwa waliozaliwa tangu Septemba 1868 wahesabiwe kuwa watu huru. Waliozaliwa kabla ya hapo walibaki mali ya mabwana zao.

Kwa maneno mengine, miezi michache tu ilitosha kumtenga mtoto huru na mtoto mtumwa. Na tarehe ya kuzaliwa kwa Rafael hakuna mtu aliyejali kuihifadhi.

Akiwa bado mtoto mdogo aliuzwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihispania, Patricio Castaño. Bei iliyotajwa ni aunsi 18 za dhahabu. Mfanyabiashara huyo akamvusha bahari hadi kijiji cha nyumbani kwao, Sopuerta, kaskazini mwa Uhispania katika nchi ya Wabasque.

Huko Ulaya utumwa ulikuwa haukubaliwi tena kisheria, lakini sheria ilikuwa mbali na zizi. Rafael alifanya kazi za nyumbani na za shamba bila mshahara, hakupelekwa shule, na alilala pamoja na mifugo.

Alipofika umri wa miaka 14 au 15 hivi, alichoka. Akatoroka.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini watasema nini juu ya mtoto ambaye asili yake iliuzwa pamoja naye, akaacha utumwa bila kujua asili ya kurudia?

Kutoka machimboni hadi sarakasini

Kijana huyo aliingia kwanza katika kazi za machimbo, ambazo zilikuwa nyingi sana katika eneo hilo la Uhispania. Baadaye akashuka katika mji wa bandari wa Bilbao, akawa kuli wa bandarini na hamali, yaani mtu wa kubeba chochote kwa ujira wowote.

Nguvu zake ndizo zilizomfungulia mlango. Mjini humo alipita mchekeshaji wa sarakasi kutoka Uingereza, Tony Grice, akamwona kijana huyo mwenye misuli na wepesi wa mwili. Akamchukua awe mtumishi wake wa nyumbani na msaidizi wake wa kazi.

Asubuhi Rafael alikuwa boi wa nyumba, jioni alikuwa sehemu ya kichekesho. Grice alipohitaji mtu wa kumwangusha, wa kumwagiwa maji au wa kukimbizwa, mtu huyo alikuwa tayari.

Mwaka 1886 Grice alipata kazi mjini Paris katika jumba jipya la Nouveau Cirque, lililokuwa limefunguliwa mwaka huo huo katika barabara ya Saint-Honoré, namba 251. Rafael akafuatana naye.

Mwaka huo huo wa 1886 ndio utumwa ulipofutwa kabisa nchini Cuba. Habari hiyo haikuwa na maana ya kisheria kwa kijana aliyekuwa amejikomboa kwa miguu yake mwenyewe miaka kadhaa kabla.

Nouveau Cirque halikuwa hema la maturubai kama tulivyozoea kuwaza tukisikia sarakasi. Lilikuwa jumba la anasa lenye taa za umeme, na sakafu ya uwanja wake iliweza kushushwa chini mahali pakageuka kuwa bwawa la maji. Mwenye jumba alikuwa Joseph Oller, ambaye miaka mitatu baadaye alishiriki kuanzisha ukumbi maarufu wa Moulin Rouge.

Ni huko Paris ambako jina la Chocolat lilishika. Alipewa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Hakuombwa ruhusa.

Harusi iliyomtoa

Oller na watu wake waliona kitu ambacho Grice hakukiona. Waliona kwamba yule mtumishi anayeangushwa ana kipaji kuliko kazi anayopewa.

Machi 1888 wakampa nafasi ya kwanza katika mchezo wa kuigiza bila maneno ulioitwa Harusi ya Chocolat, ulioandaliwa na Henri Agoust na kuchezwa katika lile bwawa. Watu walijaa, na magazeti ya Paris yakaandika.

Tangu siku hiyo hakuwa tena boi wa mtu. Akaachana na Grice, akawa msanii kamili anayelipwa kwa jina lake, ingawa jina lenyewe lilikuwa la kutungiwa.

Tukumbuke ni miaka gani hiyo. Mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulikuwa umemalizika mwaka 1885. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1889, Waafrika waliwekwa katika kijiji cha kuigiza ili Wazungu wapite na kuwatazama.

Katika hali hiyo, mtu mweusi aliyesimama katikati ya uwanja, akaamua mwenyewe lini watu wacheke na lini wanyamaze, halikuwa jambo dogo.

Foottit na Chocolat

Mwaka 1895 ndipo alipounganishwa rasmi na George Foottit, Mwingereza aliyezaliwa Manchester mwaka 1864 katika familia ya watu wa sarakasi. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa takriban miaka 15, na waliweka msingi wa aina ya vichekesho ambayo ipo hadi leo.

Kwa wasioifahamu, nieleze kidogo. Katika sarakasi za Ulaya kuna mchekeshaji aliyepakwa unga mweupe usoni, mwenye mavazi ya kumetameta, anayejifanya mwerevu na kutoa amri. Kisha kuna mwenzake anayeonekana mjinga, anayekosea kila kitu na kuadhibiwa.

Foottit alikuwa huyo wa unga, na Chocolat akawa huyo wa kuadhibiwa. Alivaa koti jekundu, suruali fupi ya kuishia magotini na kofia, nadhifu kama bwana harusi, kisha unadhifu huo ukaharibiwa mbele ya watu.

Mojawapo ya vichekesho vyao maarufu ilikuwa ya Wilhelm Tell, yule mpiga shabaha wa hadithi za Uswisi aliyelipiga tufaha juu ya kichwa cha mwanawe. Foottit alikuwa mpiga shabaha, Chocolat alikuwa wa kuwekewa tufaha. Basi kabla mwenzake hajamaliza kulenga, tufaha lilikuwa limeshang'atwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 kampuni ya ndugu Lumière, waasisi wa sinema, iliwapiga picha katika filamu fupi fupi. Filamu hizo zipo hadi leo, na mtu yeyote anaweza kuzitazama.

Nimezitazama mara nyingi. Nilichokiona si mtu mjinga anayepigwa. Ni fundi wa mwili anayejua nusu sekunde ya kugeuza uso, namna ya kuanguka bila kuvunjika na namna ya kuinuka kwa wakati wake.

Anayejua kazi za jukwaani atakuambia kwamba kofi la maigizo hutengenezwa na anayepigwa. Yeye ndiye anayegeuza shingo, na mara nyingi yeye ndiye anayetoa mlio kwa kupiga viganja vyake pale ambapo watazamaji hawaoni. Akikosea yeye, mchezo umekufa.

Mchoraji maarufu Henri de Toulouse-Lautrec naye aliliona hilo. Mwaka 1896 alimchora Chocolat akicheza dansi ndani ya baa, peke yake, bila Foottit na bila kofi. Katika mchoro huo ni mtu mwembamba aliyejinyoosha kwa madaha, mkono juu, kama mwenye nyumba.

Lakini watu wa mjini hawakuchukua picha hiyo. Walichukua ile ya kofi. Wafaransa wana usemi wa kuwa chokoleti, maana yake ni kunyimwa ulichotarajia, kuachwa mikono mitupu. Wapo wanaosema usemi huo asili yake ni lugha ya wacheza kamari, lakini vichekesho vya Foottit na Chocolat viliusambaza mpaka ukaingia katika kila nyumba.

Mimi nilijifunza Kifaransa ukubwani, na usemi huo ndio ulionifikisha kwa Rafael. Nilitaka kujua chokoleti imekosa nini hata ipewe maana ya hasara.

Baba wa watoto wawili

Nje ya uwanja, maisha ya watu wa sarakasi hayakuwa ya kuchekesha. Asubuhi ni mazoezi, jioni ni onyesho, na siku za Alhamisi na Jumapili kuliongezwa onyesho la mchana kwa ajili ya watoto, kwani Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko ya shule nchini Ufaransa enzi hizo. Mwili ukiumia, mshahara nao unaumia.

Katika miaka hiyo ya 1890 Rafael alimpenda mwanamke wa Kifaransa, Marie Hecquet. Marie alikuwa ameolewa na mwanamume mwingine na alikuwa na watoto wawili wadogo, Eugène na Suzanne. Akamwacha mumewe, akaja kuishi na Rafael.

Unaweza kufikiria maneno waliyosemwa. Mwanamke mweupe wa Paris, mwenye watoto, anahamia kwa mchekeshaji mweusi asiye na kabila linalojulikana wala cheti!

Hata hivyo, walidumu. Rafael aliwalea wale watoto wawili kama wa kuwazaa mwenyewe, na wao walimwita baba. Eugène alipokua alijifunza kazi ya mlezi wake, na kuanzia mwaka 1912 walicheza pamoja kwa jina la Tablette na Chocolat.

Lakini ndoa halali hawakufunga. Ili kuandikishwa ndoa unahitaji karatasi inayosema wewe ni nani. Rafael hakuwa nayo.

Barua zilizokosekana

Watu wa sarakasi wa zamani waliishi kwa barua. Leo uko Paris, mwezi ujao Bordeaux, baada ya hapo nchi nyingine. Kwa barua waliomba kazi, kwa barua walituma fedha nyumbani, kwa barua walijua nani amezaa na nani amevunjika mguu. Wanaoandika historia ya sarakasi leo wanategemea sana makasha ya barua za namna hiyo.

Kwa Rafael kasha hilo halipo. Hakujua kusoma wala kuandika, hivyo hakuacha hata ukurasa mmoja kwa mkono wake.

Mwaka 1907 mwandishi Franc-Nohain alitoa kitabu kilichoitwa kumbukumbu za Foottit na Chocolat, akiwa amewasikiliza wote wawili. Kitabu hicho ni hazina, kwa sababu sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya utoto wa Rafael imo humo. Lakini ni kitabu cha kuchekesha kilichoandikwa na mtu mwingine kwa ajili ya wasomaji wengine. Sauti ya Rafael imo ndani, ikiwa imevalishwa koti la mwenzake.

Jambo hili linanigusa, na nitasema kwa nini. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Nilisoma huko kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza.

Nikiwa darasa la tano tayari nilikuwa mwandishi wa barua wa majirani. Wazee waliokuwa hawajui kusoma waliniita jioni, wakakaa kwenye vigoda, wakasema yao, nami nikaandika. Kulikuwa na barua za kwenda Kigoma, za kwenda Bujumbura, za kumtafuta ndugu ambaye hakuna aliyejua kama yu hai.

Wazee walisema mambo kwa Kirundi, mazito na marefu, yenye ng'ombe na mito na majina ya vilima. Mimi niliyaandika kwa Kiswahili cha shule: sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu. Barua zilifika, lakini mzee mwenyewe alikuwa amebaki kwenye kigoda.

Tuliporudi Burundi mwaka 2009, karani mmoja aliniuliza tarehe ya kuzaliwa. Sikuwa na cheti alichokitaka. Akaniandikia tarehe mosi Januari 1980, kama alivyowaandikia wengi waliokuwa kwenye foleni ile. Mpaka leo watu wengi wa makazi yetu wanazaliwa siku moja.

Huko Mishamo tuliitwa wakimbizi. Tulipofika nyumbani tukaitwa abahungutse, yaani waliorudi, na wengine wakatuita Watanzania. Jina ambalo mama yako alikupa linakuja mwisho, baada ya hayo yote. Ndiyo maana nasema najua kidogo maana ya kuitwa Chocolat.

Hospitalini na katika ukumbi wa maigizo

Kuanzia mwaka 1908 hivi Rafael alifanya jambo ambalo mimi naliweka juu ya mengine yote. Alianza kwenda katika hospitali za Paris kuwachekesha watoto wagonjwa.

Siku hizi katika nchi nyingi kuna wachekeshaji wanaopita wodini wakiwa na pua nyekundu, na madaktari wanakubali kwamba mtoto anayecheka huvumilia matibabu vizuri zaidi. Rafael anahesabiwa kuwa mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo.

Fikiria mwenyewe. Mtu huyu alilala zizini akiwa mtoto, na hakuna aliyekuja kumchekesha. Alipopata nafasi, akawafuata watoto wa wengine vitandani mwao. Huko wodini hakukuwa na Foottit wa kumpiga, wala tiketi, wala bango.

Wakati huo kazi yake ya jukwaani ilikuwa imeanza kuyumba. Mwaka 1905 yeye na Foottit walikuwa wameondoka Nouveau Cirque na kuhamia ukumbi wa Folies Bergère. Watazamaji walikuwa wanataka vitu vipya, na mwaka 1910 wawili hao wakaachana.

Rafael alitaka kuthibitisha kwamba anaweza kusema, si kuanguka tu. Mwaka 1911 akapata nafasi katika mchezo wa kuigiza ulioitwa Moïse, katika ukumbi wa Théâtre Antoine.

Ulikuwa mtihani mgumu. Mtu asiyejua kusoma anapaswa kukariri maneno yote kwa kusomewa, tena kwa Kifaransa, lugha aliyoikuta ukubwani. Wahakiki hawakumhurumia. Mchezo ukaanguka, na milango ya kumbi za maigizo ikafungwa.

Wapo wanaosema kwamba alijitakia kwa kutamani makubwa. Sikubaliani nao. Aliyeshindwa mtihani bila kupewa daftari hakushindwa peke yake. Pamoja naye ameshindwa aliyelificha daftari.

Mwisho wake Bordeaux

Mwaka 1913 Suzanne, yule binti aliyemlea, alifariki kwa kifua kikuu akiwa bado kijana. Rafael hakuwa mtu yule yule tena. Pombe, ambayo katika maisha ya usiku wa Paris ilikuwa karibu siku zote, ikamshika zaidi.

Mwaka uliofuata ilianza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Vijana walikwenda vitani na pesa za starehe zikapungua. Mtu aliyekuwa akijaza jumba la Nouveau Cirque sasa alizunguka mikoani na Sarakasi ya Rancy.

Katika safari hizo, tarehe 4 Novemba 1917, alifariki mjini Bordeaux akiwa na umri wa karibu miaka 50.

Kifo kina ukarani wake. Afisa wa mji hawezi kuandika kwamba amekufa Chocolat, wala hawezi kuandika Rafael tupu. Lazima pawepo jina la ukoo.

Ndipo katika cheti cha kifo likaandikwa jina Rafael Padilla. Watafiti wanalihusisha jina hilo na familia ya yule bwana aliyemnunua Havana. Hivyo, mtu aliyetoroka zizini akiwa kijana aliandikwa kwa jina lililotoka upande wa wenye zizi.

Alizikwa katika makaburi ya Waprotestanti ya Bordeaux, sehemu ya maskini, bila kaburi la kudumu. Foottit alifariki mwaka 1921 mjini Paris.

Kusahauliwa na kukumbukwa

Baada ya hapo pakawa na ukimya wa muda mrefu. Wapenzi wachache wa sarakasi walimtaja, lakini kwa kawaida alitajwa kama mkia wa Foottit.

Wapo pia watu weusi ambao hawakutaka kumkumbuka. Kwao alikuwa aibu, mtu aliyewapa Wazungu walichotaka kukiona. Nimesikia hoja hiyo hata kwa walimu wenzangu, na haifai kupuuzwa. Kicheko kile kilikuwa na dharau ndani yake, na hakuna haja ya kukisafisha.

Lakini swali langu ni hili: kati ya mambo yaliyompata Rafael, yapi aliyachagua mwenyewe? Hakuchagua kuuzwa, hakuchagua jina la Chocolat, hakuchagua kuwa wa kupigwa. Alichagua kutoroka. Alichagua kumwacha Grice. Alichagua kuwa baba wa watoto wasio wa damu yake. Alichagua kwenda hospitalini. Alichagua kujaribu kusema jukwaani.

Tukimhukumu kwa yale asiyoyachagua, tunarudia kazi ya waliomchorea mabango.

Mwanahistoria wa Kifaransa Gérard Noiriel ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kumrudisha. Alipekua magazeti ya zamani na kumbukumbu za serikali, akatoa kitabu cha kwanza juu yake mwaka 2012 na kingine kipana zaidi mwaka 2016, ambacho jina lake linamtaja Rafael kuwa mtu asiye na jina.

Mwaka huo huo wa 2016 ikatoka filamu ya Chocolat iliyoongozwa na Roschdy Zem, ambamo Omar Sy aliigiza kama Rafael na James Thierrée, mjukuu wa Charlie Chaplin, kama Foottit. Filamu ni nzuri, lakini ukiitazama ujue kwamba si historia yote. Kwa mfano, humo anaonekana akicheza Othello, wakati mchezo alioucheza kweli ulikuwa Moïse.

Februari 2016 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa katika ile barabara ya Saint-Honoré, mahali lilipokuwa jumba la Nouveau Cirque. Jumba lenyewe lilifungwa mwaka 1926, na siku hizi pana hoteli kubwa.

Zaidi ya miaka 98 ilikuwa imepita tangu afe. Ni muda mrefu wa kusubiri kuandikwa.

Tunajifunza nini?

Nafundisha watoto ambao wengi wao wazazi wao walirudi kama mimi, kutoka Tanzania, Kongo na kwingineko. Wengine wana majina mawili, la ukimbizini na la nyumbani. Wengine vyeti vyao vina herufi zilizokosewa na makarani waliokuwa na haraka.

Ninapowasimulia habari za Rafael, hawaulizi juu ya makofi. Wanauliza kwa nini hakuna mtu aliyemfundisha kusoma. Wanauliza mama yake alimwita nani.

Swali la kwanza lina jibu, na ni la kutia aibu: waliomzunguka walifaidika na mwili wake, wakaona kichwa chake hakina kazi. Swali la pili halina jibu, wala halitapata jibu, kwa sababu waliojua hawakuulizwa walipokuwa hai.

Kwa wazee wetu bado tuna nafasi. Yule bibi anayekaa barazani kwako, aliyevuka mto akiwa na mtoto mgongoni, ana jina la baba yake, la babu yake na la kilima alichotoka. Chukua daftari, kaa naye, andika kama anavyosema yeye, kwa lugha yake mwenyewe, bila kumfupisha.

Na kama una ndugu mtu mzima asiyejua kusoma, mpeleke kwenye madarasa ya jioni. Si ili apate kazi tu. Ni ili siku moja aweze kuandika kwa mkono wake yeye ni nani, kabla karani hajamwandikia.